Chemba Tupu Ndiyo Shule

Umeipata. Barua ya serikali ya mtaa, maswali ya polisi, njoo kesho, rudi wiki ijayo, yote yamekwisha. Bunduki yako mpya ya kuwindia imelala mezani, inanukia mafuta, kitako chake hakina hata mkwaruzo. Ndugu na majirani wamekuja kukupongeza. Umewaambia habari za kaliba, bei na darubini. Jambo moja hukuwaambia: kwamba unaiogopa.

Usione haya. Kila mpiga shabaha hodari unayemsikia akisifiwa kuanzia Ngaramtoni hadi Longido aliwahi kusimama hapo ulipo, kiganja kikitoka jasho. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tofauti yake na yule aliyeiuza bunduki baada ya mwaka mmoja ni kwamba yeye alikubali kuanza chini kabisa, mahali pasipo na mlio wala moshi wala watazamaji. Na mimi leo sina neno lingine la kukuambia ila hilo. Hofu ya bunduki haitibiwi kwa kufyatua risasi nyingi. Inatibiwa na kazi ndogondogo unazozifanya kabla risasi haijaingia chemba.

Jua umeshika nini

Ukishuka Barabara ya Boma hapa Arusha mjini utalikuta lile boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho. Lilijengwa mwaka 1900, baada ya mikuki ya Waarusha na Wameru kushindwa na bunduki. Miaka kumi nyuma yake, mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekutana Brussels na kutia saini mkataba uliozuia bunduki za kisasa, zile zenye mifereji ndani ya mtutu, zisiingizwe kiholela katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba ule ulifungwa ndani ya mapambano dhidi ya biashara ya utumwa, lakini matokeo yake kwa mtu wetu yalikuwa wazi: yeye aliachiwa gumegume na gobole. Silaha ya kupiga mbali na kupiga sawasawa ikawa ya mwenye serikali na wageni wake.

Zikaja enzi za safari kubwa za uwindaji. Mtu wetu akapewa cheo: mbeba bunduki. Aliisafisha jioni, akaibeba mchana kutwa, akasoma nyayo, akamwona mnyama kabla mgeni hajamwona, kisha akaikabidhi bunduki mikononi mwa mwingine. Ernest Hemingway alipokuja kuwinda Tanganyika kati ya mwaka 1933 na 1934, kitabu alichokiandika baada ya safari ile kilimtaja tena na tena mbeba bunduki mmoja, M'Cola. Dunia inamjua aliyefyatua. Aliyejua mnyama yuko wapi, upepo unavuma kwenda wapi na nyasi zimelazwa na kwato za nani, huyo alibaki kuwa mhusika kitabuni.

Leo leseni ina jina lako. Ukitaka kwenda mbali zaidi, uwe mwindaji bingwa anayeongoza wageni kwenye vitalu vya uwindaji, mtihani upo na mlango uko wazi kwa Mtanzania. Kwa hiyo usiishike bunduki hiyo kama mtu aliyeazimwa. Ishike kama mtu ambaye zamu yake imefika. Lakini zamu ikifika lazima uiweze kazi, na kazi yenyewe ni shabaha.

Aliyekosa ni nani?

Nenda uwanja wa shabaha, ukasimame nyuma kidogo ya mwanafunzi mpya. Usiitazame karatasi ya shabaha, mtazame yeye. Mkufunzi anampa bunduki aliyoijaza mwenyewe, na mwanafunzi hajui kama ndani kuna risasi ya kweli au ya bandia. Anaikita begani. Anavuta pumzi. Kidole kinaanza kukaza, kinakaza, halafu ghafla kinachomoa, yaani kinaivuta triga kwa nguvu. Bunduki inasema "tik" tu. Ilikuwa ya bandia. Lakini mtutu umeinama upana wa kiganja, macho yamefumba, bega limejirusha mbele, meno yameumana.

Hakukuwa na mlio. Hakukuwa na teke. Kijana anacheka kwa aibu, na mkufunzi anamwambia kwa upole, "Umeona, mwanangu? Bunduki ilikuwa haijafanya lolote. Wewe umeshakosa."

Hapo ndipo penye ugonjwa wa wanaoanza karibu wote. Bunduki ya kaliba .375 H&H, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1912 na hadi leo ni kipenzi cha wawindaji wa Afrika, hutupa risasi ya gramu 19 hivi kwa kasi inayokaribia mita 770 kwa sekunde. Nguvu inayokwenda mbele ina deni lake nyuma, na deni hilo linalipwa na bega lako. Mwili si mjinga. Ukipigwa teke mara moja, mara ya pili unajihami kabla hujauamuru. Unafumba macho, unasukuma bega, unachomoa triga. Risasi inakwenda kando, nawe unalaumu darubini, unalaumu fundi, unalaumu duka.

Ukijaribu kuutibu ugonjwa huo kwa kufyatua risasi nyingine ishirini, unauongezea chakula. Kila teke linauthibitishia mwili kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa. Dawa ni kuufundisha mwili upya kwamba kukaza triga ni jambo la kawaida, halina kelele, halina maumivu. Na darasa la somo hilo ni chemba tupu.

Dakika kumi za kila jioni

Funga mlango. Risasi zote ziwe chumba kingine, zimefungiwa. Elekeza mtutu kwenye ukuta imara ambao nyuma yake hakuna mtu. Fungua boliti, tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Ukitoka hata kunywa maji, ukirudi kagua tena. Hakuna mtu aliyewahi kujuta kwa kukagua mara ya pili. Kwa bunduki kubwa tumia risasi ya bandia ili kuilinda pini. Kwa ile ndogo ya .22 usifyatue kabisa ikiwa tupu, maana pini yake hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Bandika alama ndogo ukutani, isizidi ukucha wa kidole gumba. Lenga. Vuta pumzi, itoe nusu, isimamishe. Weka ncha ya kidole kwenye triga, si kifundo, kisha kaza taratibu, kwa namna ambayo wewe mwenyewe hujui itaachia lini. "Tik." Sasa usiinue kichwa. Baki pale pale kwenye darubini ujiulize: msalaba ulikuwa wapi ilipolia? Ukiweza kujijibu bila kudanganya, umeanza kuwa mpiga shabaha.

Ukipata uthabiti, panda darasa. Egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya kifuniko cha darubini, kisha kaza triga. Sarafu ikianguka, umechomoa. Rudia. Ikibaki, rudia pia, hadi kubaki kwake kukuchoshe kwa mazoea.

Pumzi ikikuishia kabla triga haijaachia, mikono ikianza kutetema, acha. Toa kidole, pumua, anza upya. Kuacha huko si kushindwa; ni ujuzi unaolipwa porini. Asiyeweza kuacha mbele ya ukuta hataweza kuacha mbele ya nyati.

Watu watakuuliza unafanya nini na bunduki isiyo na risasi. Mwulize yeyote aliyepita JKT, awe wa kambi ya Oljoro hapa kwetu au nyingine: kuruta haanzi na risasi. Anaanza kwa kuijua silaha, kuifungua na kuifunga, kulala, kulenga, kukoki na kufyatua kavu, afande akiwa juu ya kichwa chake. Jeshi linajua kwamba mkono hujifunza kwa kurudia. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na kamba yako ni hizo dakika kumi.

Anza na ndogo, uione kubwa

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukipata nafasi ya kujifunza kwa bunduki ya upepo au ya .22 chini ya mkufunzi, kwenye uwanja ulioruhusiwa, ikimbilie. Risasi ya .22 ni ya bei nafuu, haina teke la kukutisha, na inafichua kila kosa la kidole na pumzi. Kuna wanaume wanaoiona ni ya watoto. Waache na michubuko yao mabegani.

Ukiingia kwenye ile kubwa, usianze mita 100. Anza mita 25, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, masikio yamezibwa vizuri. Jicho likae mbali na darubini upana wa vidole vinne au zaidi. Wengi wanatembea na kovu la nusu duara juu ya nyusi kwa sababu ya kusogea karibu mno. Piga risasi tatu ukilenga mahali pamoja bila kurekebisha chochote, kisha tazama. Risasi tatu zilizobanana pembeni ni habari njema: mpigaji yuko sawa, darubini ndiyo ya kusogezwa. Risasi tatu zilizotawanyika, moja juu, moja kulia, moja haionekani, ni habari ya mpigaji. Usiguse darubini. Rudi kwenye chemba tupu.

Zikishabanana, nenda mita 100. Darubini nyingi zinasogea robo ya dakika ya pembe kwa kila mbofyo, yaani kama milimita 7 kwa umbali huo. Kwa hiyo risasi zikikusanyika sentimita 7 kushoto, unahitaji mibofyo kumi kwenda kulia, basi. Hakuna uchawi. Ni hesabu ya darasa la nne, na ukiielewa hutamtegemea fundi kila mara bunduki inapoanguka garini.

Risasi kumi za .375 kwa siku zinamtosha anayeanza. Ukiona umeanza kukunja uso kabla ya kufyatua, funga kazi hata kama zimebaki. Nenda asubuhi. Upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ukishapita Oldonyo Sambu kuelekea Longido, nchi ni kavu na wazi. Mchana upepo unainua vumbi na mazigazi yanafanya karatasi ya shabaha icheze kwenye darubini. Na kama ni Julai na baridi ya Arusha imekuvika koti zito, fanya mazoezi na koti hilo hilo, kwa sababu kitako cha bunduki hakikai begani kwa namna moja juu ya shati na juu ya koti.

Kisha achana na meza. Porini hakuna meza. Jifunze kupiga ukiwa umeketi, umepiga goti, na umesimama ukiegemeza bunduki kwenye vijiti vitatu vilivyofungwa juu, kama wanavyofanya wawindaji wa nchi hii siku zote. Fanya mazoezi ya kufungua vijiti, kuegemeza, kulenga na kukaza bila haraka na bila kupoteza muda. Tembea kwa kasi mita mia mbili kwanza, moyo udunde, ndipo upige. Hapo utakutana na mpiga shabaha uliye naye kweli.

Unayemlenga ana roho

Sasa tuongee kiutu uzima. Karatasi ukiikosa, unabandika nyingine. Pofu au kongoni ukimpiga tumboni, anaondoka na maumivu yako. Nyati ukimjeruhi, anakwenda kukusubiri kichakani, na mara nyingi atakayemkuta wa kwanza si wewe bali yule msoma nyayo anayetembea mbele yako, baba wa watoto. Ndiyo maana sheria zetu za uwindaji zinataka bunduki isiyopungua kaliba .375 kwa wanyama hatari, na ndiyo maana mnyama aliyejeruhiwa hufuatwa, haachwi.

Lakini kaliba haimwokoi asiyejua pa kupiga. W.D.M. Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya .275. Aliyoyafanya kwa tembo hayatamaniki leo. Lakini siri yake ina funzo: alipasua fuvu la tembo akalichunguza mpaka akajua ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kutazama. Wewe nawe usiishie kutazama mabega na pembe. Ongea na wasoma nyayo, wachinjaji, maaskari wa wanyamapori. Jua moyo wa pofu uko theluthi ya chini ya kifua, usawa wa mguu wa mbele, na jua unavyohama mnyama anapogeuka. Hapo jicho lako litaacha kuona mnyama mzima na kuanza kuona mahali pamoja.

Ijue na sheria kama unavyoijua bunduki. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kupiga ukiwa juu ya gari, wala kuvizia usiku kwa tochi, wala kugusa mnyama asiyekuwamo kwenye leseni yako. Twiga ni marufuku. Na hapa kwetu usisahau kwamba msitu unaouona mteremkoni mwa Meru, maziwa ya Momella na kreta ya Ngurdoto ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Humo bunduki ya mwindaji haina kazi.

Momella ina jina ambalo kila anayeanza angefaa kulijua. Margarete Trappe, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1884, alifika pale na mumewe mwaka 1907. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuwa mwindaji bingwa. Alikuwa mlowezi, na ardhi ile ilikuwa na wenyewe, hilo lisifichwe. Lakini mwanamke huyo aliyejua bunduki kuliko wanaume wengi wa zama zake ndiye aliyetenga sehemu kubwa ya shamba lake iwe ya wanyama, wasiguswe. Alifariki Momella mwaka 1957. Mwaka 1960 ikatangazwa Hifadhi ya Ngurdoto, mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa, na mashamba ya akina Trappe leo yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Dada yangu unayesoma haya na kusitasita, shika hilo: bunduki haimuulizi anayeishika kama ni mwanamume au mwanamke. Inauliza pumzi, kidole na subira, na vitu hivyo havigawiwi kwa jinsia. Nawe kaka, shika upande wa pili: uhodari wa mwindaji unapimwa pia kwa risasi alizoamua kutozipiga.

Basi inuka

Usingoje msimu. Msimu wa uwindaji ukifunguliwa Julai hautakuuliza ulikuwa na nia njema kiasi gani. Utakuuliza ulifanya nini Machi, Aprili na Mei, mvua za masika zikinyesha na wenzako wamekaa kibarazani wakisimuliana kaliba. Tumia miezi hiyo. Jioni kumi mfululizo za chemba tupu kabla ya risasi ya kwanza. Kisha bunduki ndogo. Kisha mita 25, ndipo mia. Kisha vijiti. Tafuta mkufunzi mwenye leseni na umwambie ukweli, "Mzee, naogopa teke." Mkufunzi mzuri hatakucheka, atakuwekea risasi ya bandia bila kukuambia, na hapo ndipo elimu yako itakapoanza.

Weka daftari. Andika umbali, upepo, ulipolenga na ilipopiga. Ukishindwa wiki hii, wiki ijayo utajua umeshindwa wapi. Yule anayepiga kwa kubahatisha hana la kurekebisha. Wewe utakuwa nalo.

Na siku utakaposimama kitaluni, msoma nyayo akakunong'oneza, "Yule dume wa kushoto, subiri ageuke," usipige kwa kuwa watu wanakutazama. Subiri ageuke. Asipogeuka, shusha bunduki, mpishe, utembee tena. Akigeuka, fanya lile ulilolifanya mara elfu mbele ya ukuta. Wazee wetu waliibeba bunduki kwa miaka mingi bila kuruhusiwa kulenga nayo. Wewe umeruhusiwa. Usiitie aibu ruhusa hiyo kwa uvivu wa dakika kumi. Kafunge mlango, kagua chemba, uanze leo jioni.